Moyo wa Mtu na Kazi ya Mikono Yake
Somo kwa walimu wa dini na mashirika ya Wakristo

Katika bonde la Ruzizi maji ya mpunga hayaji shambani yenyewe. Hutolewa katika mito ishukayo kutoka milimani, huongozwa kwa mfereji mkuu, hugawanywa katika mifereji midogo, ndipo yanapoingia katika majaruba ya kila mkulima. Watu wa Sange, wakaao kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu, hawana haja ya kufundishwa mambo hayo. Wajua pia ya kuwa mfereji hujaa mchanga na majani, na ya kuwa kila mwenye shamba hana budi kusafisha sehemu ipitayo mbele ya shamba lake.

Sasa na atazamwe mkulima mmoja aliyekata tamaa. Jina lake si lazima, maana yuko katika kila kijiji. Mwaka jana aliizibua sehemu yake vizuri, mvua kubwa ikaja ikaijaza tena. Mwaka huu asema moyoni mwake: «Nikizibua, itajaa. Nisipozibua, itajaa vilevile.» Hakugombana na mtu, wala hakuiba. Aliamka mapema kama wenzake, akafika shambani na jembe begani, akakata majani machache juujuu, akaenda kuketi kivulini. Majani yaliyobaki yakapunguza mwendo wa maji; maji yaliyopungua mwendo yakauacha mchanga wake papo hapo; na mkulima wa chini, aliyekuwa amesafisha sehemu yake kwa bidii, akapata maji ya kulowesha miguu tu. Juma la pili naye akaanza kujiuliza bidii yake ina faida gani. Hivyo kukata tamaa kwa mtu mmoja kulifuata mfereji mpaka mwisho, mahali ambapo maji yenyewe hayakufika.

Somo hili ni juu ya jambo hilo: namna hali ya moyo inavyoingia katika mikono, ikaifanya kazi iwe njema au mbaya. Jambo lenyewe si geni, lakini siku hizi limechafuliwa kidogo. Katika miji mingi wapo wahubiri, tena vipo vitabu, wanaofundisha kwamba mtu akiwaza mema atapata mema. Awaze gari, na gari litakuja. Awaze nyumba ya mabati, na mabati yatashuka. Mkristo aliyefundishwa vema hawezi kuyapokea maneno hayo, maana yanamgeuza Mungu kuwa mtumishi wa mawazo ya mtu. Hata hivyo apetaye nafaka asimwage mchele pamoja na makapi. Kwamba moyo wenye matumaini hufanya kazi vizuri kuliko moyo uliokufa ganzi, hilo ni kweli, na Kanisa lilikuwa likilifundisha karne nyingi kabla ya wahubiri hao kuzaliwa.

Pepo wa adhuhuri

Katika karne ya nne waliishi jangwani Misri watawa waliokaa katika vibanda, wakisali na kufanya kazi za mikono, hasa kusuka mikeka na vikapu. Mmoja wao, jina lake Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya majaribu yanayowapata watu wa maisha hayo. Jaribu alilolihesabu kuwa zito kuliko mengine aliliita pepo wa adhuhuri. Pepo huyo, asema, humshambulia mtawa tangu saa nne hadi saa nane. (Watu wa zamani zile walihesabu saa kuanzia macheo ya jua, kama Waswahili wafanyavyo hata leo, kwa hiyo saa hizo hazihitaji kufasiriwa.) Humfanya alione jua kana kwamba limesimama. Humtoa nje ya kibanda mara kwa mara ili atazame juu, aone kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Kisha humtia chuki ya mahali anapokaa, chuki ya maisha yake, chuki ya kazi ya mikono. Humnong'oneza ya kuwa ndugu zake hawana mapendo tena. Humwonyesha mahali pengine, mbali, ambapo kazi ingekuwa nyepesi na faida kubwa.

Aliyepata kulima mpunga katika joto la bonde amjua pepo huyo, ingawa huenda hajapata kusikia jina lake.

Mafundisho hayo ya jangwani ndiyo asili ya neno lililomo katika katekismu miongoni mwa mizizi saba ya dhambi, yaani uvivu. Neno hilo latumika vibaya mara nyingi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aeleza kwamba uvivu wa roho ni huzuni: moyo wahuzunika mbele ya jema lililo lake, kwa sababu jema hilo laonekana zito, nao hauna tena matumaini ya kulifikia. Basi mwalimu akiwauliza wanafunzi, «Je, mvivu ni yule apendaye usingizi?», jibu ni hili: siyo sikuzote. Mvivu aweza kuonekana akienda mbio kutwa nzima, sokoni, barabarani, simu mkononi, akianza kazi hii na kuiacha, akishika ile na kuitupa. Wapo wavivu wenye shughuli nyingi sana. Shughuli zenyewe ni namna ya kulikimbia lile jambo moja ambalo lingempasa alifanye.

Dawa aliyoitoa Evagrius ni nyepesi kueleza, ngumu kuimeza. Mtu asihame mahali pake wakati wa jaribu. Ajiwekee kipimo katika kila kazi, wala asiiache mpaka kipimo hicho kimetimia. Inafaa kuona hekima iliyomo. Hakumwambia mtawa ajilazimishe kufurahi, maana furaha haiji kwa amri. Alimwambia ajipimie. Mkulima wa mfereji akiutazama mfereji wote kwa mara moja, moyo wake huzimia. Akichomeka kijiti penye hatua ishirini na kusema, «Leo ni hadi hapa», moyo wake hupata mahali pa kusimama. Jioni akiiona kazi imefika kwenye kijiti, hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba anaweza, amekwisha kuona. Watu wengi hudhani ya kuwa sharti moyo utengenee kwanza ndipo kazi ianze. Mara nyingi ni kazi ndogo iliyokamilika ndiyo inayoutengeneza moyo.

Ukuta wa Yerusalemu

Maandiko Matakatifu yana habari moja inayofaa kusomwa yote katika somo hili, sura ya 3 hadi ya 6 ya kitabu cha Nehemia. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Alisikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomolewa na malango yake yameteketezwa, akaomba ruhusa, akaenda. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 445 kabla ya Kristo.

Sura ya 3 huwachosha wasomaji kwa sababu ya majina mengi, nao huirukia. Wasiirukie. Mle ndani mna mafundi wa dhahabu na wachanganyaji wa manukato waliobeba mawe. Yumo mtu aliyejenga pamoja na binti zake. Na wengi wametajwa kuwa walijenga sehemu iliyoelekea nyumba yao wenyewe. Desturi hiyo ndiyo ile ya mfereji. Nehemia hakuwagawia watu ukuta mzima. Alimpa kila mmoja kipande anachokiona akifungua mlango asubuhi. Ukuta ukafika nusu ya kimo chake, na mwandishi ataja sababu: watu walikuwa na moyo wa kazi.

Kisha moyo ukavunjika. Adui walikuwa wamedhihaki. Tobia Mwamoni alisema kwamba hata mbweha akipanda juu ya ukuta ule ataubomoa. Dhihaka peke yake haikuwaangusha. Kilichowaangusha ni uchovu, maana wachukuzi waliona ya kuwa kifusi ni kingi na nguvu zao zimekwisha. Mambo aliyoyafanya Nehemia hapo yapasa kuangaliwa kwa utaratibu. Alisali. Aliweka walinzi, kila jamaa pamoja na jamaa yake, hata nusu ya watu wakashika mikuki huku nusu wakijenga. Akawakumbusha Mungu alivyo mkuu, kisha akawataja kwao ndugu zao, wana wao, binti zao, wake zao na nyumba zao. Hakuwaambia kwamba adui hawapo. Aliwaonyesha ni kwa ajili ya nani wanapandisha mawe.

Lakini sura ya 5 ndiyo ambayo wahubiri wa bidii huisahau, na kuisahau ni kosa kubwa. Katikati ya ujenzi maskini walipiga kelele. Walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka. Walikuwa wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Wengine walikuwa wamewatia watoto wao utumwani. Waliowadai walikuwa ndugu zao, wakubwa wa mji uleule uliokuwa ukijengwa. Nehemia hakuwajibu maskini hao kwamba wanakosa moyo mwema. Alikasirika sana, akawaita wakubwa mbele ya mkutano, akawalazimisha kurudisha mashamba na riba. Na yeye mwenyewe, kwa muda wa miaka 12 ya uliwali wake, hakuitumia posho iliyokuwa haki ya liwali. Baada ya hayo ndipo yanapokuja maneno ya sura ya 6, kwamba ukuta ulikwisha katika siku 52.

Matumaini na ndoto za Alinacha

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameyachunguza mambo haya kwa njia yao, na matokeo yao hayapingani na mafundisho ya kale. Mwaka 2002 Gabriele Oettingen na Doris Mayer walitangaza uchunguzi juu ya vijana wa Ujerumani waliokuwa wamemaliza masomo ya chuo kikuu na kutafuta kazi. Vijana waliokuwa wakijifurahisha mara nyingi kwa picha za mafanikio yao, wakijiona tayari wamekalia kiti kizuri, miaka miwili baadaye walikuwa wamepeleka barua chache za kuomba kazi, wamepata nafasi chache, na mishahara yao ilikuwa midogo. Wale waliotazamia kwa akili kwamba wataweza, kwa kuyapima waliyokwisha kuyafanya, walifanikiwa zaidi. Waswahili tangu zamani wana jina la mambo ya wale wa kwanza: ndoto za Alinacha. Ndoto ya namna hiyo humlipa mtu mshahara kabla ya kazi. Moyo umekwisha kula, na mikono haioni njaa.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Afrika. Katika mji wa Lomé, nchini Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu, kila kundi watu 500. Kundi la kwanza walifundishwa mambo yanayofundishwa siku zote: kuandika hesabu, kutafuta wanunuzi, kutunza fedha. Kundi la pili walifundishwa moyo wa kuanza: kutongoja kuambiwa, kutazama mbele, kujiwekea shabaha na kuifanyia mpango, na kurudi kazini baada ya kushindwa. Kundi la tatu hawakufundishwa kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya zaidi ya miaka miwili ya kufuatiliwa, faida ya kundi la pili ilikuwa imezidi ile ya kundi la tatu kwa asilimia 30. Faida ya kundi la kwanza ilizidi kwa asilimia 11 tu, tofauti ambayo wachunguzi hawakuweza kuihakikisha kuwa haikutokea kwa bahati. Kwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 40 kwa waliofundishwa moyo wa kuanza, asilimia 5 kwa waliofundishwa hesabu.

Yeyote asiseme kwa sababu hiyo kwamba hesabu ni bure. Duka lisilo na daftari hufa. Jambo la kushika ni kwamba daftari haliandikwi na mtu aliyekwisha kuamua moyoni kwamba hakuna litakalobadilika.

Mfano wa karibu ni biashara ya ndagala. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua ndagala usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa uvuvi huwa haba. Mama muuzaji aliyekata tamaa hufika sokoni Sange siku hizo na kapu tupu, akasema, «Ndagala zimekosekana», na neno lake ni la kweli. Jirani yake ajua mwezi kama yeye. Lakini siku za giza, wakati samaki ni wengi Uvira na bei imeshuka, alinunua zaidi kidogo, akazianika vizuri, akazihifadhi. Wote wawili wana mtaji mdogo, wote wawili hawana nguvu juu ya mwezi. Mmoja wao aliamini kwamba siku za mbele zinahusiana na yale afanyayo leo. Imani hiyo ndogo ndiyo tofauti yote iliyo kati ya makapu yale mawili.

Watu waliokwisha kuumia

Mwalimu wa dini atakayelifundisha somo hili Sange na ajue anasema na watu gani. Siku ya 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka katika barabara ipitayo mjini. Mafuta yakamwagika, watu wakasogea kuyachota, moto ukawaka. Waliokufa walizidi 230. Wengi wao hawakuwa wamechota kitu. Walikuwa nyumbani kwao, au katika vibanda walimokusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Walizikwa katika makaburi ya pamoja. Na siku zilizofuata mashamba yalingoja jembe kama kawaida, na watoto walitaka chakula.

Mtu ambaye angesimama katika mji huo juma lile na kuwahimiza watu wawe na mawazo ya furaha, angefanya ukatili. Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalolifanya. Katika Zaburi za Kanisa maombolezo ni mengi sana. Kulia siyo kinyume cha matumaini. Huzuni ya msiba na huzuni ya pepo wa adhuhuri si kitu kimoja: ile ya kwanza hulia kwa sababu ilipenda, ile ya pili hailii, bali hupiga miayo. Mjane arudiaye shamba lake huku machozi yakimtoka ana moyo mwema kuliko kijana mwenye kucheka ambaye hakumaliza kazi yake. Mwalimu asipoitofautisha huzuni na huzuni, afadhali aliache somo hili.

Vilevile wapo waliokosa kazi bila kosa lolote la moyo wao. Kati ya Sange na Uvira, huko Kiliba, kilikuwapo kiwanda cha sukari kilicholisha jamaa nyingi. Vita ya mwaka 1996 ilikifunga. Fundi wa mtambo na mkata miwa waliorudi nyumbani mwaka ule hawakufukuzwa kwa kuwa walifikiri vibaya. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba umaskini wake umetoka katika mawazo yake ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tena yupo mwajiri. Mwenye kuajiri hupenda sana somo la moyo mwema likifundishwa kwa wafanyakazi wake, na yafaa alisikie lote. Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mshahara wa haki hautimizwi kwa mapatano matupu, kama hautoshi kumlisha mfanyakazi mtaratibu na mwema. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa II, katika barua ya 14 Septemba 1981 juu ya kazi ya binadamu, alieleza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi. Na katekismu huhesabu kumnyima kibarua ujira wake kati ya dhambi zinazomlilia Mungu. Kwa hiyo mwajiri aliyekaa na mshahara wa miezi mitatu, kisha awalaumu watu wake kwamba hawana ari, ajibiwe kwa sura ya 5 ya Nehemia.

Mlaji asiyeonekana

Limebaki swali lenyewe: moyo wa mfanyakazi hushikamana na nini, hata usianguke kila mvua inyeshapo? Faida peke yake haitoshi, kwa kuwa mwaka mwingine haipo. Sifa pia haitoshi, maana kazi nyingi zilizo njema hakuna azionaye.

Katika chuo kikuu kimoja cha Marekani wapo watu walioajiriwa kupiga simu na kuomba sadaka kwa ajili ya masomo ya wanafunzi maskini. Ni kazi ya kuchosha, maana wengi wa waitwao hukataa. Mwaka 2007 mtaalamu Adam Grant na wenzake walitangaza jaribio dogo: baadhi ya wapiga simu hao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi mmoja aliyesaidiwa na fedha hizo. Hawakuongezewa mshahara, hawakuhubiriwa. Mwezi mmoja baadaye walitumia muda zaidi ya mara mbili katika simu zao, na fedha walizozikusanya zilizidi mara mbili pia. Walikuwa wameuona uso.

Kanisa la Kongo lina shahidi wa jambo hili aliye karibu sana, tena mtu wa ofisi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria, akawa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambamo aliwahudumia watoto wa barabarani. Mwaka 2007 alikuwa akifanya kazi Goma katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, yenye kazi ya kupima bidhaa ziingiazo nchini. Kwake lilipita shauri la mchele ulioharibika. Wenye mali walitaka upite, wakampa fedha ili akubali. Kijana wa miaka 26, mwenye kazi mpya, katika mji ambao wengi walimwona mwenye bahati kwa kupata mshahara tu, angeweza kusema yale asemayo mkulima wa mfereji: «Nikikataa utapita, nisipokataa utapita vilevile.» Mchele mbaya ungeweza kupita penginepo, na mkaguzi mmoja ni kitu gani katika mpaka wote?

Hakusema hivyo. Aliwaona walaji ambao hawakuwapo ofisini: mama aununuaye mchele kwa kibaba, mtoto aulaye jioni. Alikataa fedha, akakataa kuupitisha mchele. Mwezi wa Julai mwaka uleule alitekwa, akauawa. Tarehe 2 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja kwa jina mbele ya vijana na makatekista waliokusanyika katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Hapo ndipo mafundisho ya wahubiri wa mawazo mema yanaposhindwa kabisa. Kwa kipimo chao Mwenyeheri Floribert aliwaza mema akapata mabaya. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa nini? Kuzuia chakula kibaya kisiwafikie watu. Kazi hiyo aliifanya vizuri mpaka mwisho, bila kasoro, na aliifanya vizuri kwa sababu aliamini jambo moja ambalo mkulima wetu wa mfereji alikuwa amelipoteza: kwamba sahihi ya mtu mmoja, kama kipande cha mfereji cha mtu mmoja, ina maana mbele ya Mungu na mbele ya mlaji. Wapo wengine waliofanya kazi zao kwa moyo huohuo, wakazeeka, wakafa vitandani mwao bila kutajwa na mtu. Mtakatifu Yosefu mwenyewe, ambaye Baba Mtakatifu Pio wa XII alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi tarehe 1 Mei, mwaka 1955, hana neno hata moja lililoandikwa katika Injili.

Namna ya kufundisha

Somo hili lafaa kufundishwa juma lililo kabla ya sikukuu hiyo ya 1 Mei, au mwanzo wa msimu wa kupandikiza mpunga, kabla watu hawajaenda kusafisha mifereji. Mwalimu asilisome lote kwa siku moja. Asimulie kwanza habari ya Nehemia polepole, pamoja na sura ya 5. Wazee wapewe nafasi ya kusema, kwa kuwa wao wameona misimu mingi. Kisha watu wazungumze juu ya maswali haya.

Katika kazi yako ya kila siku, yuko wapi yule mlaji usiyemwona? Fundi amtaje atakayelala chini ya paa; mwalimu wa shule, mzazi aliyelipa ada; muuguzi, mgonjwa wa usiku; mwenye mashine ya kukoboa mpunga, yule atakayekuta mawe katika sahani.

Saa ya pepo wa adhuhuri ni ipi kwako? Na kijiti chako cha leo umekichomeka wapi?

Je, katika mtaa huu yuko mtu ambaye amekata tamaa si kwa uvivu, bali kwa sababu ndugu fulani ameshika shamba lake kwa deni, au amemnyima ujira wake? Shirika litakwenda kwa nani kwanza, kwake yeye au kwa huyo ndugu, na nani watatumwa?